Kaburi la Wenyewe Tulilolinyoa Gyeongju

Mlimani siku ile tulikuwa watu watano, ukimwacha yule aliyekuwa chini ya udongo. Wa kwanza ni Halmoni, maana yake kwa Kikorea ni nyanya tu, lakini jina lake hasa ni Yun Bok-sun, na ndiye niliyekuwa nikimtunza. Wa pili ni mwanawe wa pekee, Han Yong-ho. Msione majina ya ukoo hayafanani mkadhani si mwanawe, kwao mwanamke akiolewa habadili jina. Wa tatu ni mimi, Mama Wakesho, Mtaita wa Wundanyi, nisiye ndugu wa mtu yeyote pale. Wa nne na wa tano walitukuta kosa tumeshalifanya: Mzee Choe Man-su, na mke wa mwanawe, Mi-ran, aliyekuwa akifundisha Kiingereza shuleni. Halmoni alitangulia zamani. Mzee Choe naye lazima ametangulia, maana hata wakati ule alikuwa anatembelea fimbo. Mi-ran sijui. Yong-ho tumemzika mwezi uliopita, na baada ya mazishi, tukiwa tunakula kule chini ya kanisa, binti yake Grace alikuja na sahani yake akakaa karibu nami. Akaniambia, "Auntie, baba hakuwahi kunieleza. Nyanya alililia kwao maisha yake yote. Kwa nini amezikwa huku?" Nikamwambia, mwanangu, hayo hayatoshi sahani moja. Shule sikusoma ya maana, lakini nimeyaandika, na mjukuu wangu Nyange atamfasiria.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwaka wangu wa kwanza Minnesota, na tulikaa Hopkins, mimi na binti yangu Wakesho na Nyange akiwa bado wa chekechea. Wakesho alikuwa anasoma mchana na usiku anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Yeye akiingia mimi naamka, yeye akilala mimi nakaa nisipige kelele. Akiwa anavua viatu huniambia, "Mum, usi-stress, we relax tu, huku nje ni baridi utaanguka." Basi nikakaa. Nilikijua kile chumba kuliko ninavyokijua kiganja changu: kochi la kahawia lililozama upande mmoja, zulia lenye harufu ya mbwa wa watu waliohama, na kile chuma cha joto chini ya dirisha, ambacho kikianza kupata moto kilikuwa kinagonga kama mtu anayetaka kufunguliwa. Mara ya kwanza kilipogonga nilisema karibu. Msicheke. Mtu akikaa bila kusemeshwa tangu asubuhi, hata chuma atakikaribisha. Nyange nilimwambia njoo ule, anaelewa vizuri kabisa, lakini jibu linatoka Kizungu, na mimi nikimjibu kwa Kitaita ananicheka. Watu wa kanisa walikuwa Brooklyn Park, na asipopatikana wa kukuchukua kwa gari, Jumapili ilikuwa Jumanne tu. Nilikuwa nasimama dirishani naangalia watu wakikwangua barafu kwenye vioo vya magari, kila mtu na lake, hamna anayemsalimia mwenzake, nami nawasalimia kutoka juu, kimoyomoyo, nyumba kwa nyumba, kama vile nateremka njia ya Wundanyi kwenda sokoni.

Siku Yong-ho alipokuja kugonga, nilidhani ni chuma, sikuinuka. Akagonga mpaka Wakesho akaamka. Kumbe alikuwa anaishi chini yetu na mama yake, na ndio walikuwa wenye ile harufu iliyopanda ngazi ambayo mimi nilidhani kuna kitu kimekufa ukutani. Wakesho aliniambia zamani, "Ni kabichi yao Mum, wana-preserve na pilipili." Yong-ho alikuwa na kazi ya ofisi huko Plymouth, mke wake naye na kazi, mtoto wao Grace analelewa kwingine, na mama mtu alikuwa ameteleza bafuni. Akataka mtu wa kukaa naye mchana. Aliniita Ajuma, ni heshima yao kwa mwanamke mtu mzima. Nikateremka ngazi kesho yake nimevaa sweta juu ya sweta, na Halmoni aliponiona, kabla hata ya salamu, alinizunguka akinishika nguo moja moja, akasema kwa Kiingereza chake kibovu, ambacho kilikutana na changu kibovu vizuri sana, "Wewe ni kitunguu." Ndivyo tulivyojuana.

Kule kwake hamkuwa na kochi. Tulikaa chini, meza fupi katikati, na mitungi ya kabichi ilikuwa nje barazani imefunikwa na theluji, ukitaka kula unachimba. Alinilisha kuanzia siku ya kwanza, akiniangalia mdomo. Ukutani palikuwa na kalenda ya mwaka uliopita ambayo hakutaka itolewe, kwa sababu ilikuwa na picha za mji wao, Gyeongju. Picha ya kwanza niliyoiona nilidhani ni vilima vya malisho, vya mviringo, vimeota nyasi fupi nzuri, na nyumba za watu zimevizunguka. Akanyoosha kidole akasema hao ni wafalme, wamelala humo ndani. Nikamshika mkono haraka. Kwetu kaburi halinyooshewi kidole, kidole kitaoza, hata mtoto anajua. Nikamwonyesha namna ya kukikunja. Alicheka mpaka akalia, lakini tangu siku hiyo, wafalme wake alikuwa ananionyesha kwa kidevu. Baridi yote ile tulitembea Gyeongju kwa kidevu: hapa mnara wa mawe wa kutazamia nyota, hapa bwawa la ikulu, hapa mlima wenye sanamu. Na kila alipofika kwenye picha ya mlima alikuwa anainuka, anakwenda kuchambua figili ambazo zilikwisha kuchambuliwa.

Niliyajua mambo yenyewe kwa kusikia. Jioni Yong-ho akirudi, mimi navaa viatu mlangoni, wao huanza. Kikorea sikujua, lakini ugomvi wa kuzikana una mdundo mmoja dunia nzima. Mumewe Halmoni alizikwa hapa, na Yong-ho alikuwa amekwisha kumtengea mama yake nafasi kando yake. Halmoni hataki. Anataka alale mlimani kwao, karibu na mama yake mzazi. Aliniambia mwenyewe kwamba kaka zake walikwenda vitani hawakurudi, na tangu yeye aondoke hakuna aliyebaki wa kulikata nyasi kaburi la mama. Kwao kabla ya sikukuu kubwa ya mavuno, watu wanapanda milimani na mundu kunyoa makaburi ya wazee wao, na kaburi lenye nyasi ndefu ni kama mtoto aliyetoka nyumbani hajachanwa nywele. Watu wanapita wanasema, huyu hana mtu. Mwisho Yong-ho akachoka akasema tutakwenda mwezi wa tisa. Mama, tukilipata kaburi, nakuapia nitakuzika hapo. Tusipolipata, utalala na baba, na maneno haya yaishe. Halmoni akakubali. Kisha akasema Kitunguu naye aende, maana bafu za ugenini zinateleza.

Basi nikauona mji ule kwa macho. Nyie mliozoea kusafiri mtanisamehe, lakini kuingia mahali ambapo umeshakaa miezi kwa kidevu, na kila kitu kipo mahali pake, kunatisha. Tulilala nyumba ya wageni yenye sakafu ya moto, godoro chini, na asubuhi mama mwenye nyumba alileta meza imejaa visahani hata pa kuweka kiwiko hamna: majani mabichi, samaki wadogo, uyoga, maharagwe, mchuzi wa soya unaochemka kwenye chungu. Unachukua jani kwenye kiganja, unaweka wali, unaweka hiki na kile, unafunga, unatia mdomoni lote kwa mara moja. Nilijaribu kuling'ata nusu, lote likaniangukia. Halmoni akasema, "Fungua mdomo kama mtu mwenye njaa, wacha adabu." Mji ulikuwa unajiandaa kwa sikukuu. Watu wanabeba maboksi ya matunda, wanawake wanatia keki za wali kwenye mvuke juu ya majani ya msonobari, harufu imejaa barabarani. Kila mtu alikuwa anakwenda kwa mtu wake. Mimi nilikuwa napita katikati yao, watoto wanaacha kutembea waniangalie, na bibi mmoja sokoni alinishika nywele taratibu, akampa mwenzake zamu naye ashike. Sikuchukia. Ilikuwa muda mrefu tangu nishikwe kichwa.

Yong-ho alitoka nchi ile akiwa kijana mdogo, kwa hiyo alitaka kuona kila kitu, na alikuwa na kamera. Mama, simama hapa. Ajuma, sogea kushoto. Kwenye yale makaburi ya wafalme kuna moja wamelifungua unaingia ndani, baridi kama pango, na humo nilikumbuka wazee wetu wa Kitaita wa zamani, waliokuwa wakihifadhi mafuvu ya watu wao kwenye mapango, wanakwenda kuongea nao mambo yakiwa magumu. Nikasema moyoni kumbe hawa nao wanajua. Yong-ho akasoma kibao chote kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho. Halmoni alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake wenye mundu mpya. Akamwambia, "Wafalme hawa wamekufa zamani, hawatakimbia. Mama yangu ndiye anasubiri."

"Kesho, Mama. Leo mnara na bwawa."

"Mnara nimechezea chini yake nikiwa na makamasi. Uko vilevile, mfupi."

Lakini alikwenda. Alisimama mbele ya ule mnara, na kweli ni mfupi, kama chupa ya mawe, akapigwa picha amekunja uso. Bwawani alikataa kupigwa.

Kesho yake tukapanda mlima. Ule mlima umejaa sanamu za Budha, wengine wamechongwa kwenye mwamba, wengine wamekaa njiani tu, na wengi hawana vichwa, vimevunjika zamani. Nilisimama mbele ya mmoja, amekaa vizuri, mikono mapajani, juu ya shingo hamna kitu. Kwetu vichwa bila viwiliwili, huku viwiliwili bila vichwa. Nilitaka kumwambia Halmoni hilo, tulicheke pamoja, lakini nilipogeuka nilimwona uso. Alikuwa anaangalia huku na huku kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Yong-ho akamuuliza, "Ni njia gani, Mama?" Akasema, "Mlima huu ulikuwa na upara." Alipoondoka, watu walikuwa wamekata miti yote kwa kuni wakati wa shida, na kutoka kwenye kaburi la mama yake uliweza kuona mji wote chini, mnara na vilima vya wafalme, kama vitu vimepangwa mezani. Sasa ilikuwa misonobari mitupu. Serikali ilipanda, mvua ikanyesha, miti ikakua, jambo jema kabisa, na yeye haoni chochote.

Tulizunguka mpaka akawa anajishikiza kwenye miti. Nilimwambia tukae, hakutaka. Halafu tukatokea mahali pana uwazi, pana kilima kidogo cha udongo kimeota nyasi za kufika kiunoni, hakina jiwe, na nyuma yake msonobari uliopinda. Halmoni akatoa sauti ambayo sijaisikia tena. Akasema ni huu, mti huu ulikuwa mdogo, nilikuwa nikitundika kitambaa. Yong-ho akamuuliza una hakika Mama, akamjibu kwani wewe ulikuwa hata tumboni? Akapiga magoti akaanza kukata. Mwanawe akamnyang'anya mundu, akakata yeye, ofisa wa watu na shati lake jeupe, mimi na Halmoni tunazoa kwa mikono. Tulilinyoa lile kaburi mpaka likawa kama kichwa cha mtoto aliyetoka kunyolewa. Halmoni akatandika kitambaa, akapanga peasi, njugu zao za chestnati, samaki mkavu, keki za wali, akamimina pombe yao nyeupe ya mchele, wakasujudu yeye na mwanawe. Mimi nilisimama pembeni nimekunja mikono, Mkristo, sijui niangalie wapi. Kisha akaanza kumsimulia mama yake. Sikuelewa, ila nilisikia Hopkins, nikasikia Minnesota, nikasikia Grace, halafu akanigeukia kwa kidevu akasema neno na wote wawili wakacheka, na nikajua amesema Kitunguu.

Tulikuwa tunakula tuliposikia fimbo kwenye mawe. Mzee Choe akatokea kwenye miti, nyuma yake Mi-ran amebeba kikapu na miundu miwili. Wakasimama. Mzee akaangalia kaburi, akatuangalia, akaangalia kaburi tena. Akauliza kitu kwa upole sana. Yong-ho akajibu. Mzee akatikisa kichwa, akauliza tena, na hapo nikamwona Yong-ho anaweka chini kipande cha peasi alichokuwa ameshika. Mi-ran akanisogelea, akaninong'oneza kwa Kiingereza, "Samahani sana, Mama. Huyu ni nyanya yake baba mkwe wangu. Tunakuja hapa kila mwaka. Tumechelewa tu kwa sababu ya mvua."

Halmoni hakubisha. Aliuliza jambo moja, na Mi-ran akanifasiria yote: alimuuliza mzee kama anajua kaburi jingine upande huu, la mwanamke, karibu na msonobari. Mzee akafikiri. Akasema chini kidogo yalikuwapo mengi, lakini barabara ilipopanuliwa yalihamishwa. Vibao viliwekwa msimu mzima kuita wenyewe. Yasiyopata mwenyewe, mifupa ilichomwa na jivu likawekwa pamoja mahali pamoja. "Huenda la mama yako limo. Huenda bado liko humu msituni. Siwezi kukudanganya." Halmoni akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari za hali ya hewa, akaanza kukusanya chakula chake kutoka kwenye kaburi la watu, anaomba radhi, anainama, anaomba radhi tena. Mzee Choe akamzuia kwa fimbo. "Acha. Bibi yangu hajawahi kunyolewa vizuri hivi. Wanangu wanamkwangua kama mbuzi wamepita." Akakaa chini. Mi-ran akafungua kikapu, akapanga vyao karibu na vyetu.

Mimi na majina yangu, nikamuuliza Mi-ran, huyu bibi aliitwa nani? Akasema kwenye kitabu cha ukoo ameandikwa Kim wa Gimhae, wanawake wanaandikwa ukoo tu. Nikasema hilo ni la baba yake, lake mwenyewe? Mi-ran akamuuliza mzee. Mzee akacheka, halafu akaacha kucheka, akaangalia lile kaburi. "Tulimwita bibi," akasema. Nikamgeukia Halmoni, na mama yako? Akalitaja bila kusita: Yi Kan-nan. Mzee Choe akalirudia, Yi Kan-nan, akamimina kikombe cha pili, akakiweka kando ya kile cha bibi yake, akavua kofia. Mimi sinywi, lakini nilipopewa kikombe changu nilikunywa. Ni kama mbangara, pombe ya miwa ya kwetu, iliyolala siku moja zaidi.

Wakati wa kushuka Halmoni alichoka, tukakaa yeye na mimi kwenye jiwe moja, Yong-ho amesimama mbele yetu. Alikuwa ameshinda ubishi na alikuwa na uso wa mtu aliyepigwa. Akasema, "Mama, kesho turudi. Tutafute tena, tukodi mtu anayeujua mlima."

Halmoni akamuuliza, "Gari lako linafika huku?"

"Gari liko Hopkins, Mama."

"Ndiyo nauliza. Linafika?"

"Halifiki."

"La Grace, akikua?"

Akasema, "Halitafika."

"Basi niweke linapofika." Kisha akaniomba kimoja katika vile vikeki vya maharagwe mekundu nilivyokuwa nimevinunua mjini, akala, akasema vimepungua utamu siku hizi. Yong-ho alikuwa anafuta kioo cha kamera na shati, anafuta, anafuta. Akasema tena, turudi kesho. Mama yake akamwambia, "Kesho tunakwenda hekalu kubwa. Si ulitaka kupiga picha?"

Tulikwenda. Zile ngazi za mawe, ile minara miwili uani, majani ya miti yalikuwa yanaanza kugeuka. Na Halmoni, aliyekuwa akikunja uso kwa kamera wiki nzima, siku hiyo alisimama kila alipoambiwa. Kwenye ngazi, kwenye kisima, mlangoni, na mimi, bila mimi. Alisimama wima mikono imeshikana, hacheki, haongei, mpaka Yong-ho mwenyewe akasema zimetosha. Mama yake akamwambia, "Piga na ile minara." Nilikuwa nimeshazoea upweke wangu mimi, una umbo, unajua unapokaa. Ule wake niliuona siku hiyo ndio unaingia, na hakuna aliyeweza kuukaribisha wala kuufukuza.

Alifariki Hopkins kabla ya baridi ile kwisha, asubuhi, chakula kikiwa mezani. Yong-ho alitaka kaburi la kilima kama la kwao. Wenye makaburi wakamwambia haiwezekani, mashine ya kukatia nyasi lazima ipite, huku ardhi ni sawasawa. Kwa hiyo kila mwezi wa tisa alikuwa ananipitia kwa gari, ananifungulia mlango, tunakwenda. Mashine inakata vizuri, lakini pembeni ya jiwe huwa haifiki, panabaki kidevu cha nyasi. Alikuwa anapiga magoti na mkasi wa jikoni, anazunguka jiwe la mama yake, halafu la baba yake, mimi nimeshika mfuko. Sasa naye yuko pale, nyasi zake bado ni za kubandika, hazijashika.

Grace mwanangu, hayo ndiyo uliyoniuliza. Mimi gari sikujifunza mpaka leo. Mwezi wa tisa ukiingia nitakuwa nimevaa, mlangoni. Na yeyote anayeujua mji ule kuliko mimi, kama mti ule haukuwa msonobari, kama Mzee Choe alikuwa Man-su au Man-ho, kama yale majani nimeyapa ladha yasiyokuwa nayo, anirekebishe, nitafuta niandike upya. Kikorea chenyewe nilikuwa nafasiriwa, huenda kuna maneno yaliyodondoka njiani. Lakini lile la gari Halmoni alilisema pole pole, kisha akanigeukia akalirudia kwa Kiingereza chetu kibovu ili nami nilishike, bega lake liko begani kwangu. Hapo msinirekebishe.